Virusi vya kichaa cha mbwa vilivyonifikisha kwenye ubongo

Wanaosoma wasifu wangu wa kitaaluma huniuliza ilikuwaje nikaanza na virolojia ya molekuli (elimu ya virusi) na kuishia kwenye neurobiolojia (elimu ya neva na ubongo), kana kwamba niliacha kazi moja nikashika nyingine. Binafsi sioni kama nilihama. Tangu shahada ya uzamivu swali langu limekuwa hilohilo: virusi vikishaingia kwenye ncha ya seli ya neva, vinaufikiaje mwili wa seli hiyo, ambao kwa binadamu unaweza kuwa umbali wa karibu mita nzima?

Mwanzoni nilishughulika na jenomu tu, yaani jumla ya maelekezo ya kijenetiki ya virusi. Virusi vya kichaa cha mbwa vina uzi mmoja wa RNA wenye nyukleotidi (herufi za kijenetiki) zipatazo 12,000 na jeni tano, basi. Kazi yetu ilikuwa kubadili sehemu ndogo ya jeni mojawapo, kuotesha virusi ndani ya seli, kisha kuona kilichoharibika. Kazi ya namna hiyo iliwezekana baada ya mwaka 1994, Karl-Klaus Conzelmann na wenzake nchini Ujerumani walipofaulu kuviunda virusi hivyo kutokana na nakala ya DNA.

Jeni iliyoniteka ni ile ya protini G, inayochomoza juu ya utando wa nje wa virusi na kushika vipokezi vya neva, yaani protini za juu ya seli ambazo virusi hujishikiza kwazo. Virusi vikishamezwa na ncha ya neva, havijisukumi vyenyewe. Hubebwa na dainini, protini ya seli yenyewe ambayo kila siku husafirisha mizigo kuelekea kwenye mwili wa seli. Safari hiyo huchukua muda, na ndiyo maana aliyeng'atwa usoni kwa kawaida huugua mapema kuliko aliyeng'atwa mguuni, na ndiyo maana pia chanjo inayotolewa baada ya mtu kung'atwa, kama alivyofanya Louis Pasteur mwaka 1885, huweza kuwahi kabla ubongo haujafikiwa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Mwaka 2007 Ian Wickersham, Edward Callaway na wenzao, Conzelmann akiwemo, walionyesha namna ya kuutumia ukatili huo kuchora ramani ya ubongo. Waliiondoa jeni ya G, ili virusi vizaliane ndani ya seli lakini visiweze kutoka. Kisha walivivika protini ya virusi vya ndege, ambayo haishiki seli za mamalia isipokuwa zile zilizopewa kipokezi chake maalumu, na seli hizohizo teule wakazipatia G. Kwa hiyo virusi huvuka sinapsi moja, yaani kiungo ambapo seli moja ya neva hupeleka ujumbe kwa nyingine, kinyume na mkondo wa mawasiliano, vikaingia kwenye seli zinazozungumza na ile ya kwanza, na hapo vikakwama kwa kukosa G.

Chini ya hadubini matokeo yake yanasomeka kwa rangi. Seli za kuanzia, zenye kijani cha jeni saidizi (za kipokezi na G) na wekundu wa virusi, huonekana za manjano. Zilizofikiwa baadaye ni nyekundu tupu, nyingine zikiwa mbali kabisa, kwenye eneo la ubongo ambalo hukutarajia lihusike. Ila wekundu huo una gharama: virusi hivyo hatimaye huua seli vilizoingia, na kwa maoni yangu makala nyingi za mwanzo ziliupitia udhaifu huo harakaharaka mno. Toleo lililokosa pia jeni ya L, inayounda kimeng'enya cha kunakili RNA ya virusi, lililotangazwa mwaka 2018, lilipunguza sana tatizo hilo.

Mwaka huohuo maabara mbili nchini Marekani zilitangaza kwamba Arc, protini ambayo wanyama huihitaji ili kutunza kumbukumbu za muda mrefu, hujikusanya kuwa maganda yanayofanana na ya virusi na kubeba RNA kutoka seli moja hadi nyingine. Asili yake ni jamaa wa kale wa retrovirusi (virusi vinavyopachika jeni zao kwenye DNA ya seli) aliyejipachika kwenye jenomu ya wanyama. Wanaotathmini maombi ya fedha bado hutupiana mafaili yangu, hawa wakisema ni ya virusi, wale wakisema ni ya ubongo. Kwa sasa nafuatilia maganda hayo, kwa sababu bado haijathibitishwa kama RNA inayosafirishwa ndani yake inachangia chochote kwenye kumbukumbu yenyewe.