Gari yangu ya namba za Zambia, na jinsi nilivyoiweka sawa Unguja

Wazanzibari tulio nje tuko wengi, na kila anaetaka kurudi nyumbani swali lake la mwanzo gari. Naweza kuja nayo? Naweza kuitembeza na namba zake hizi hizi? Mimi nilifanya kazi Lusaka miaka, gari nilinunua kule, nimerudi nayo Unguja na leo naendesha bila kumkimbia trafiki yoyote, kwa hiyo naona niandike kabla sijachoka kuelezea kwenye simu.

Kwa ufupi ni hivi. Kuja nayo unaweza. Kuitembeza na namba za nje inategemea wewe unakaa wapi, sio gari imetoka wapi. Watu wanahangaika na gari wakati forodha anaeangaliwa ni mwenye gari. Kile kibali cha muda wanachokupa mpakani ni cha mgeni, mtu anaekuja, anatembea, halafu anaondoka na gari yake. Sasa wewe mfukoni una kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, mke na watoto wako Fuoni hapa Unguja, watoto wanasoma skuli hapo hapo, utamwambia nani kama wewe mgeni?

Nilitoka na makaratasi kamili na hapa nawaomba watu wasifanye mchezo. Kadi ya gari ya kule, wenyewe wanaiita waiti buku, iwe kwa jina lako sio la rafiki yako. Halafu Zambia hutoi gari nje bila ya klirensi ya Interpol, yaani polisi wa kimataifa, polisi wanaikagua injini na chesisi wanahakikisha haijaibiwa, hii imalize Lusaka usingoje kufika mpakani. Na bima unachukua ile kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Kuna watu wanasema Tanzania haiko COMESA kwa hiyo haifanyi kazi, si kweli, Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa kadi ya njano bado imo. Ila uielewe, ile inalipa madhara utakayomfanyia mwenzio, gari yako ikiumia ni juu yako labda uwe na bima nyengine.

Safari yenyewe siielezi sana, Lusaka mpaka Nakonde, unavuka Tunduma, halafu Mbeya, Iringa, Morogoro mpaka Dar, ukijumlisha inakaribia kilomita 2,000 na malori ndio hayo hayo njia nzima. Shukrani Zambia wanaendesha kushoto kama sisi na usukani uko kulia. Ndugu zetu wa Oman wao usukani upande wa pili, hilo somo jengine kabisa.

Tunduma ndio nilipofanya jambo ambalo naona limeniokoa. Afisa alivyouliza unakwenda wapi na kwa muda gani, nikamwambia kweli, afande mimi nahama, narudi kwetu Zanzibar moja kwa moja na gari nimeimiliki zaidi ya mwaka. Jamaa mmoja pale pembeni, anajiita wakala, akanivuta mkono, "Mzee sema unatembea tu, ukisema unahama watakung'ang'ania." Nikamwambia ahsante mwanangu. Afisa akanipa kibali cha muda gari iweze kusafiri, akaniambia mambo ya kuhama ukamalize kule unakokwenda kukaa. Basi nikapanda nayo meli ya Sealink Dar, nikateremka bandari ya Malindi Unguja, na bandarini pia wanakagua, wewe usidhani ukishapita Tunduma ndio basi, Unguja kuna forodha yake na ukitoka Bara na kitu cha kulipiwa unaulizwa.

Nilivyofika mtaani kila mtu mwanasheria. Jaws Corner, kile kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, kahawa moja tu unapewa ushauri wa kukufunga jela. Mmoja anasema kibali kikikaribia kwisha toka mpakani urudi, yaani niende Tunduma kupiga muhuri nirudi Fuoni, mafuta tu yangenimaliza. Mwengine anasema tafuta namba ya Z, yaani ya Zanzibar, ya gari bovu uibandike, huyo nilimwangalia sikumjibu. Na kijana mmoja wa Paje akanijia na hesabu nzuri kabisa za kubebea watalii, nikamwambia kijana wangu, kibali cha muda hakiruhusu biashara, ukikamatwa na mtalii ndani gari inabaki kwa wenyewe forodha. Hata shemeji yangu alikasirika nilipomkatalia funguo, lakini kibali kina jina langu, yeye mkaazi wa hapa kumuona kwenye usukani wa gari ya nje ni kesi ya bure. Alininunia, tukaja tukasemeshana baadae.

Njia yenyewe ya kuihalalisha gari iko kwenye sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, ukenda Jedwali la Tano utaikuta. Mtu anaehamia au anaerudi kukaa anaruhusiwa gari moja bila ushuru wa forodha, sharti awe mtu mzima, gari iwe yake mwenyewe na awe ameitumia huko nje ya Jumuiya si chini ya miezi 12, na siku za baharini hazihesabiwi kwa anaeisafirisha kwa meli. Moja tu, na basi au lori kubwa havimo. Zambia haiko kwenye Jumuiya kwa hiyo kwangu halikuwepo la kubishana.

Lakini kuijua sheria kitu na kuithibitisha kitu chengine. Hapo ndipo nilipotumia nguvu. Forodha wanataka waone kweli ulikuwa unaishi kule, basi nikatoa mkataba wa kazi na barua ya kuumaliza, pasi yenye vibali vya ukaazi na mihuri, bima za nyuma za gari zinazoonesha mwaka baada ya mwaka jina ni hilo hilo. Bima za zamani wallahi ndizo zilizonisaidia kuliko kitu chochote, maana kadi ya gari inaonesha unamiliki lakini bima inaonesha ulikuwa unaitumia. Kwa upande wa huku nikaenda kwa sheha wangu, kiongozi wa mtaa, akanipa barua kuwa nimerudi na nakaa kwenye shehia yake. Sheha mwenyewe akaniuliza kama kuna nafasi ya kazi Lusaka kwa kijana wake.

Ikachukua muda, faili lilikuwa linatoka meza hii linakwenda ile, na kuna pahala waliliweka tu mpaka nilipokwenda mwenyewe kuuliza kwa upole. Kibali changu kikawa kinaelekea kwisha, nikaandika barua ya kuomba niongezewe kabla hakijesha, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa nikaiweka ndani ya gari. Kipindi chote hicho gari nilikuwa naitoa kwa dharura tu. Trafiki njia ya Tunguu walinisimamisha, namba za herufi tatu halafu tarakimu hawajazizoea, "Hii gari ya wapi baba?" nikampa faili zima kibali, kadi ya njano, barua, akasoma kwa raha zake akanirudishia.

Msamaha wa ushuru ulipotoka msidhani hulipi kitu. Kuna ukaguzi wa gari, kuna usajili wa vyombo vya moto, kuna leseni ya njia, kuna bima ya hapa, zote za mfukoni mwako. Na kama hukutimiza ile miezi 12 jiandae na ushuru kamili, asilimia 25 ya thamani ya gari ndio mwanzo tu, VAT inakuja juu yake na gari kuukuu inaongezewa tena, bora uiuze huko huko uje na pesa.

Sasa ina namba ya Z na kuna mtu wa Bububu ananizengea nimuuzie. Nimemwambia gari ya msamaha ukiiuza ushuru unarudi unadaiwa, lazima kwanza twende forodha wakatupigie hesabu, akasema basi hiyo tuigawe nusu kwa nusu kwenye bei. Sijamkubalia bado.