Fomu ya Ridhaa Iliyosainiwa Siku Moja na Kueleweka Baada ya Wiki Tatu

Mimi ni mshauri nasaha hapa Kampala, na wateja wangu wengi wa mtandaoni ni Wakongomani wanaozungumza Kiswahili katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Nilipoanza vikao vya simu, mwenzangu aliyenitangulia katika kazi aliniambia nisijisumbue: nichukue fomu ya ridhaa ya Kimarekani, ile ambayo mteja hukubali masharti ya ushauri, nibadilishe jina la juu, mteja aweke tiki. Nilimtii, na aibu yake ninayo hadi leo, kwa maana fomu ile ilimwambia mtu wa Nakivale apige 911, namba ya dharura ya Marekani, akizidiwa, ilhali polisi wetu hupatikana kwa 999, na ilimhakikishia kwamba analindwa na HIPAA, sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inayolinda taarifa za afya.

Mama mmoja, ambaye ameniruhusu kusimulia haya, alisaini kurasa zote sita siku ileile nilipomtumia. Nilijisifu moyoni. Katika kikao cha pili akaniuliza kwa upole, "Daktari, jina langu limeshatoka kwenye orodha?" Nikamuuliza orodha gani. Kumbe alidhani amejaza fomu ya kupelekwa nchi ya tatu, yaani kutoka Uganda kwenda kuishi nchi nyingine, kwa kuwa karibu kila karatasi aliyowahi kusaini kambini ilihusu safari au mgao. (Mimi si daktari, na nimemweleza hivyo mara nyingi bila mafanikio.) Saini nilikuwa nayo, ridhaa sikuwa nayo.

Nikaandika upya kwa Kiswahili, nikiifuata Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayozihesabu taarifa za afya kuwa data maalumu, na inayotaka data ikihifadhiwa nje ya Uganda iwe katika nchi yenye ulinzi wa kutosha au mwenyewe awe ameridhia. Rafiki yangu wakili aliipitia kwa malipo ya chakula cha mchana na nauli ya boda. Kuhusu dharura, kuandika tu kwamba aende Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, kungekuwa mzaha, maana iko Kampala, safari ya saa nyingi kwa basi. Nikaweka kituo cha afya kilicho karibu naye na jina la jirani anayemwamini. Nikaongeza pia kwamba mtandao ukikatika nitapiga simu ya kawaida baada ya dakika kumi, kwa sababu sijasahau Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi.

Kwa kuwa kusoma kulimchosha, niliigawa fomu katika jumbe saba za sauti, kila moja isiyozidi dakika, nikamwomba baada ya kila ujumbe anirudishie kwa maneno yake mwenyewe. Ujumbe wa usiri ndio ulioniumbua. Alijibu, "Umesema hutamwambia mtu, lakini simu hii ni ya shemeji yangu, na yeye husikiliza sauti zote." Bahati nzuri shemeji alikuwa hajasikia chochote zaidi ya maelezo ya fomu.

Hapo tukabuni jambo ambalo sikulipata katika fomu yoyote, nami najivunia. Kila kikao huanza kwa mimi kuuliza kama mahindi yamekauka. Akijibu kwamba yamekauka, yuko peke yake. Akisema mvua bado inanyesha, kuna mtu karibu, nasi tunazungumza kilimo hadi atakapoaga. Siku moja shemeji aliketi pale pale karibu nusu saa, na mimi niliyekulia mjini nikafundishwa jinsi ya kuanika mahindi juu ya turubai na kuyauma kwa jino ili kujua kama yako tayari. Kikao kile sikumtoza.

Wiki ya tatu tulirudia kipengele kimoja kimoja kwa simu, akiwa peke yake. Tulipofika kwenye kuhifadhi kumbukumbu zake katika seva iliyo nje ya nchi, akanikatiza: "Hicho hapana. Mengine nakubali." Nilifurahi kuliko siku ile aliposaini kurasa sita. Nikakifuta kipengele hicho, na kumbukumbu zake sasa ziko katika daftari la kurasa 96, lisilo na jina lake, ndani ya kabati lenye kufuli.