Samli Iliyooshwa Mara Mia

Katika nyumba ya ghorofa tuliyokulia Mombasa, harufu ya siagi inayochemka ilikuwa ikitushukia kutoka ghorofa ya pili, alikoishi bibi mmoja wa Kigujarati ambaye watoto wote tulimwita Ba. Nilimwona mara nyingi akisimama mbele ya sufuria nzito, moto ukiwa mdogo kabisa, akisikiliza kuliko kutazama, kwa maana siagi hupiga kelele wakati maji yake yanapotoka, kisha povu jeupe hupanda, na kelele zinapokaribia kunyamaza, mashapo ya maziwa yaliyotuama chini yakaanza kuwa ya hudhurungi, ndipo sufuria huepuliwa na samli ikachujwa kwa kitambaa. Ukichelewa dakika mbili, imeungua. Siku aliyoniachia kazi hiyo nilichelewa, na samli yote ikaenda kuwashia taa zake za ibada.

Nimemkumbuka kwa sababu siku hizi samli inauzwa mitandaoni kama dawa ya kila ugonjwa, na wauzaji hulitaja jina la Ayurveda kana kwamba tiba hiyo ya Kihindi iliwahi kumruhusu mtu yeyote kunywa mafuta bila kipimo. Nilipoyasoma mafundisho yenyewe, nilikuta vipimo na makatazo kila mahali.

Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vya kale vya tiba hiyo, hutaja mafuta ya aina nne, yaani samli, mafuta ya mbegu, shahamu na uboho, kisha huipa samli nafasi ya kwanza kwa hoja ambayo mimi naiona nzuri mno: samli huchukua sifa za kitu inachopikwa nacho bila kuzipoteza sifa zake yenyewe. Ndiyo maana matabibu wa Ayurveda, wanaoitwa vaidya, huifanya kuwa chombo cha kubebea dawa. Kanuni yao ya kawaida ni sehemu 1 ya mitishamba iliyosagwa, 4 za samli na 16 za maji au kimiminika kingine, vikipikwa pamoja hadi maji yakauke. Kwa njia hiyo hupatikana samli ya brahmi, mmea wa dawa, inayotolewa kwa ajili ya kumbukumbu, na samli ya triphala, mchanganyiko wa matunda matatu yaliyokaushwa, inayotumika zaidi kwa macho.

Katika chakula, husemwa kwamba samli huuchochea agni, yaani moto wa kusaga chakula, na kwamba hutuliza joto na ukavu wa mwili. Hata hivyo, mwenye makohozi mengi, uzito na uvivu wa tumbo huambiwa apunguze. Asali na samli hazichanganywi kwa uzito ulio sawa. Hata ule unywaji wa samli asubuhi kabla ya chakula, ambao wengi huuiga kutoka kwenye video, asili yake ni maandalizi ya siku 3 hadi 7 kabla ya tiba ya kusafisha mwili, kipimo kikipandishwa kidogo kidogo chini ya macho ya tabibu.

Matumizi niliyoyajaribu mwenyewe ni ya ngozi. Ipo samli iitwayo shatadhauta, maana yake iliyooshwa mara mia: samli hutiwa katika sinia la shaba pamoja na maji baridi, ikasuguliwa kwa kitako cha kikombe cha shaba, maji yakamwagwa na mengine yakatiwa, hadi mara 100. Nilianza baada ya adhuhuri, na kiganja kilikuwa kimekufa ganzi muda mrefu kabla sijafika nusu. Rangi ya manjano iliondoka, harufu ikafifia, na mwishoni nikabaki na kitu cheupe, laini na baridi kama krimu. Wahindi huipaka kwenye ngozi inayowaka au iliyokauka. Mimi huipaka visigino na midomo. (Aliyeungua sasa hivi apoze jeraha kwa maji yanayotiririka, asilipake samli ya aina yoyote.)

Kuhusu ulaji, sina budi kuongeza kwamba samli ni mafuta karibu yote, na zaidi ya nusu yake ni ya aina inayoganda na kupandisha lehemu katika damu, ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi sehemu 1 ya 10 ya nishati ya chakula cha siku. Kijiko kimoja kikubwa tayari kina gramu 8 au 9 za mafuta hayo. Na ile ya bei rahisi inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani, hata ikiitwa samli, siyo inayozungumzwa katika vitabu hivyo.

Ba alikuwa akitia kijiko kimoja cha chai juu ya wali na dengu, akakifunika kibuyu chake kabla hujanyoosha mkono kuomba cha pili.