Sauti Nyingi, Kilio Kimoja

Siku hizi nikipata usiku wa kukaa peke yangu, nasikiliza It'll End in Tears, albamu ya This Mortal Coil ya mwaka 1984. Tangu tumzike rafiki yetu, muziki wenye maelezo mengi unanichosha. Huu hauelezi kitu. Unakaa na wewe tu.

This Mortal Coil haikuwa bendi kama tunavyozijua bendi. Alikuwepo Ivo Watts-Russell, mwenye lebo ya 4AD ya Uingereza, na fundi wa sauti John Fryer. Hao wawili waliwaita waimbaji na wapiga ala wa bendi mbalimbali, wengi wao wa lebo hiyo hiyo, waje studio ya Blackwing jijini London, ndani ya jengo lililowahi kuwa kanisa. Watts-Russell mwenyewe si mwanamuziki. Kipaji chake kilikuwa masikioni: kujua wimbo fulani unamngoja nani. Na nyimbo 6 kati ya 12 zilikwisha imbwa na wengine kabla, kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kuzitafutia koo mpya.

Kwenye "Song to the Siren" koo hilo ni la Elizabeth Fraser wa Cocteau Twins. Wimbo ni wa Tim Buckley, aliyeutoa kwenye albamu ya mwaka 1970. Hapa hakuna ngoma wala besi. Robin Guthrie anagusa nyuzi za gitaa mara chache, kisha anauachia mwangwi utembee. Fraser anaingia taratibu, anapanda, halafu katikati ya neno sauti inateleza kwenda chini kana kwamba pumzi imemsaliti, na kabla hujamhurumia ameshapanda tena. Nimeurudisha nyuma mara nyingi pale pale, kwenye ule mtelezo. Sijui mwimbaji mwingine anayeweza kusikika dhaifu na mwenye nguvu kwa wakati mmoja namna ile.

Ajabu ni kwamba wimbo huu ulianza kama wa kujazia upande wa pili wa sahani ya santuri. Watts-Russell aliwataka Modern English, bendi ya lebo yake, warekodi upya nyimbo zao mbili za zamani, bendi ikakataa, akaamua kukusanya watu wa bendi mbalimbali wazifanye. Mwaka 1983 sahani ikatoka, na huo wa upande wa pili ndio watu walioung'ang'ania. Albamu nzima ilizaliwa hapo.

Howard Devoto anaimba "Holocaust", wimbo wa Big Star ya Marekani, na haimbi vizuri kwa maana ya kawaida. Sauti yake ni kavu, karibu ya mtu anayesema. Mwanzoni niliona amewekwa mahali pasipomfaa. Sasa naona wimbo ule ungeharibika kabisa kama ungepewa sauti tamu. Lisa Gerrard wa Dead Can Dance naye, kwenye "Dreams Made Flesh", anaimba bila maneno ya lugha yoyote, na ndiye ninayemwelewa kuliko wote. Msibani kila mtu hulia kwa sauti yake, lakini nyumba nzima husikika kama kilio kimoja. Ndivyo walivyo hawa watu, ambao wengine hata hawakuimba wimbo mmoja pamoja.

"Not Me" huwa naipita. Ina haraka na gitaa la kelele, na inanitoa mahali nilipokuwa nimetulia. Afadhali "Kangaroo" ya mwanzo kabisa, ambapo besi ya Simon Raymonde inatembea peke yake kwanza, halafu chelo inaingia, halafu Gordon Sharp anaimba polepole kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Sharp ndiye pia anayefunga albamu, na jina la albamu linatoka kwenye maneno anayoyaimba pale mwishoni. Zilifuata albamu mbili nyingine, Filigree & Shadow mwaka 1986 na Blood mwaka 1991, zenye waimbaji wengine kabisa. Hiyo ya 1986 ni ya sahani mbili na ina vipande vingi visivyo na uimbaji. Nimeigusa juu juu tu. Nataka niipe usiku wake mzima, simu ikiwa chumba kingine.