Neno moja la Baba

Kiharusi kilipompiga Baba, Februari 2020, kilimwachia neno moja tu: "basi." Akitaka maji, basi. Mguu ukimuuma, basi. Fungeni mlango, mbu wanaingia, basi. Alilipandisha, akalishusha, akalivuta, akalikata, na mwenye subira aliweza kubahatisha anachotaka. Asiye na subira aliona mzee anayefoka bila sababu.

Mama, ambaye hata msibani hakosi utani, alisema Mungu naye ana vichekesho vyake. Gadi wa treni, mtu aliyewadharau wasafiri wa mabasi maisha yake yote, sasa hana kingine cha kutaja ila basi! Alicheka sana. Kisha akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu, na sikusikia sufuria wala kijiko.

Kwetu ni Tororo, si mbali na reli. Baba ni mtu wa Padhola, Mama ni Mtaita wa Voi. Walikutana enzi za East African Railways, Baba akiwa mafunzoni Nairobi. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 akarudi Uganda na mke, bendera mbili za kazi na sanduku la bati. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo ndani ya nyumba kukawa Kiswahili. Hapa Uganda wengi hukiita lugha ya askari na wezi, lugha ya kumwambia mtu alale chini atoe pesa. Mimi ndicho kilichoniotea meno.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha shule moja ya binafsi Kampala. Shule zote nchini zilifungwa tarehe 20 Machi kwa sababu ya corona. Kesho yake nikapanda basi (naam, basi) kwenda kumtazama Baba, nikiwa na nguo za siku tatu begini. Tarehe 25 usafiri wa abiria ukasimamishwa, kisha ikaja kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwenye shule alitutumia ujumbe mmoja kwa simu akituomba tuvumilie. Hakutuma mwingine, wala hakutuma mshahara.

Kabla ya hapo Baba alikuwa akipelekwa hospitali kila Jumanne kwa teksi ya kukodi, kukandwa na kunyooshwa upande wa kulia uliokufa ganzi. Sasa hata gari la mtu binafsi halikuruhusiwa kutoka bila kibali cha RDC, mwakilishi wa rais wilayani, na bodaboda walibeba mizigo tu. Jumanne ikawa siku kama nyingine. Nilijaribu mwenyewe kumkunja na kumkunjua mkono kama nilivyoelekezwa na Mama, lakini niliogopa nitamvunja, na yeye akaniona ninavyoogopa.

Kitu kimoja Mama alikuwa amekishika kutoka kwa yule dada wa mazoezi: "Msimnyamazie. Aongeleshwe kila siku. Mkikosa la kusema, msomeeni chochote, hata gazeti."

Gazeti Mama alilikataza siku ya pili. Lilikuwa corona mwanzo mwisho: idadi ya wagonjwa, na foleni ya malori pale Malaba, mpakani na Kenya, karibu kabisa na kwetu, madereva wakingoja kupimwa huku watu wakiwaangalia kama wamebeba kifo chenyewe kwenye tela. "Puresha yake itapanda tena," akasema, akalichukua akawashia mkaa.

Ndipo tukafungua sanduku la bati. Ndani mlikuwa na kitabu cha kanuni za reli, ratiba ya treni ambayo mchwa walikuwa wameila kuanzia Mbale kwenda juu, bendera ya kijani na nyekundu zimekunjwa pamoja, na vitabu vichache vya Kiswahili. Kilichokuwa juu kabisa ni *Kusadikika* cha Shaaban Robert. Kijitabu chembamba. Jalada lilikwisha kung'oka, na kurasa Baba alizishona mwenyewe kwa uzi mweusi wa suruali. Mama alisema hicho ndicho alichosafiri nacho kwenye behewa la gadi, kule mkiani mwa treni, ambako mtu hukaa peke yake usiku kucha. Treni ya mizigo ikiwekwa pembeni kupisha nyingine, gadi hana la kufanya ila kungoja, na yeye alingoja na kitabu hicho kwa miaka.

Kwa asiyekijua: Kusadikika ni nchi inayoelea hewani. Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu sheria, naye anajitetea barazani siku baada ya siku kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa, wanne pande nne za dunia, mmoja mbinguni na mmoja ardhini. Kila mjumbe alipata taabu huko, akarudi na mambo ya kuifaa nchi, na kila mmoja zawadi yake ilikuwa gereza. Si kitabu ambacho ningemchagulia mgonjwa. Lakini ndicho kilichokuwa juu.

Usiku wa kwanza nilisoma kama niko mbele ya darasa, sauti juu, nikitua kwenye kila nukta. "Hatuko shuleni," Mama akaniambia. Baba akalala ukurasa wa tatu. Usiku wa pili akalala mapema zaidi. Mimi nikaendelea kujisomea kimoyomoyo, nikisikia treni ya mizigo ikipiga honi kuelekea Malaba, maana mizigo haikusimamishwa. Kila ikilia, jicho la Baba lilifunguka kidogo, likafumba.

Katikati ya hayo Mama alifanya jambo lake. Asubuhi moja akimwosha uso alianza, kama anayeimba: "Tororo, Mbale…" Baba, bila hata kufikiri, akaendelea: "Kumi, Soroti, Lira, Gulu, Pakwach." Njia nzima ya kaskazini, mpaka mwisho wa reli! Tulipiga kelele hata jirani akaja mlangoni kuuliza kama mzee ameaga. Mama akamwonyesha kikombe: na hiki je? Baba akakitazama kikombe, midomo ikahangaika. "Basi." Machozi yakamtoka. Baadaye nilielezwa kwamba yaliyokaririwa miaka mingi huweza kutoka hata pale maneno ya kawaida yamefungiwa. Siku ile hatukujua. Tulidhani Mungu anatuchezea.

Usiku wa nne umeme ulikatika. Nilikuwa nasomea mwanga wa simu, chaji imebaki asilimia tisa. Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba namsomea ukuta. Nikaruka. Si mstari mmoja, ni karibu ukurasa mzima, moja ya zile hotuba ndefu za barazani. Nikaunganisha sentensi kama mwalimu anavyojua kuunganisha mkaguzi akiingia ghafla.

"Basi," Baba akasema.

Nikaendelea.

"Basi! Basi, basi!" Akapiga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto. Mama akadhani haja ndogo, akaleta chombo. Akakisukuma. Mimi nikadhani joto, nikafungua dirisha. Akaunyosha ule mkono mzima, akakivuta kitabu kutoka mikononi mwangu, akahangaika nacho juu ya kifua, kurasa zikimponyoka, mpaka akarudisha ule niliouruka. Akaweka kidole. Kidole kilikuwa pale pale nilipoanzia kuruka.

Mama akanitazama. "Umeruka?"

Sikujibu. Nilikuwa nahesabu. Kwa wiki kadhaa tulikuwa tumezungumza juu ya kitanda kile kama vile hakina mtu. Tulikuwa tumesema ni nani atakayeruhusiwa kuja mazishini iwapo kafyu haijaondolewa. Tulikuwa tumejadiliana na kaka yangu, simu ikiwa kwenye spika, kuhusu kukiuza kile kiwanja ili kulipa deni la hospitali, na kaka akasema, "Mzee hatajua." Mzee huyu hapa, alijua hata aya iliyokosekana.

Nikarudi nyuma. Nikasoma kila neno, polepole, mpaka simu ikazima. Sentensi ya mwisho Mama aliimulika kwa kibiriti.

Asubuhi nilipiga magoti kando ya kitanda, kama tunavyofanya wanawake wengi huku tukiwasalimu wakubwa. Nikasema, "Baba, ile habari ya kiwanja, nisamehe." Akasema, "Basi." Kwa sauti ya chini sana. Mpaka leo sijui kama lilikuwa basi la yamekwisha au basi la nyamaza.

Tangu hapo hatukuruka kitu. Tulikimaliza, tukakirudia tena. Usiku mmoja buti za askari wa doria zikasimama nje ya dirisha letu katikati ya shauri la Karama. Nikashusha sauti. Baba hakupenda: "Basi!" Nikapandisha, moyo ukinidunda. Buti zikakaa pale muda mrefu ndipo zikaondoka. Mama anashikilia kuwa yule kijana alikuwa akisikiliza. Mimi nadhani alikuwa akikojoa ukutani.

Nikaiga ule ujanja wa stesheni. Nilifika karibu na mwisho wa habari ya mjumbe, nikaacha neno moja, nikamngoja. "Mjumbe huyu naye akatupwa…" Kimya. Mbu. Mama ameacha kupepeta mchele. "Ge… gerezani," Baba akasema, akashangaa kuliko sisi.

Hayakuja kama mvua. Siku nyingine lilikuja neno moja, siku nyingine halikuja hata hilo, na siku nyingine alikasirika akageukia ukutani, nasi tukamwacha. Kitabu hakikuunyosha mkono. Vidole vya kulia viliendelea kujikunja kidogo kidogo, na hilo lilinitesa kuliko mshahara. Lakini jioni zilikuwa na kazi. Saa moja ikifika, wakati milango yote ya mtaa inafungwa na watu wanabaki na redio na hofu, Mama alifuta meza, akauliza, "Leo tumefika kwa nani?" Mimi nilianza kulala usingizi usiku, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu Februari.

Tarehe 4 Juni sehemu nyingi za nchi ziliruhusiwa usafiri tena. Wilaya za mpakani kama yetu ziliambiwa zingoje. Tukangoja. Siku tuliyofika hospitali tena, yule dada wa mazoezi, barakoa hadi machoni, aliukamata mkono wa Baba, akanigombeza vya kutosha, kisha akatoa karatasi yake ya maswali.

Akaonyesha kalamu. "Kalamu," Baba akasema, baada ya kuitafuta.

Akaonyesha kiti. "Ki… kiti."

Akamwuliza ametoka wapi. "Tororo," na kwa kuwa hakuweza kujizuia, "Mbale, Kumi, Soroti." Dada akacheka.

Kisha akanielekezea kidole mimi. "Na huyu ni nani?"

Mimi nimepewa jina la mama yake mzazi. Ni jina fupi, silabi mbili, na kwa miezi yote ile hakuwa amelitamka hata mara moja. Akanitazama. Midomo ikaanza, ikaacha, ikaanza tena. Nilijikuta nimeuma kiganja.

"Karama," akasema. Kwa sauti iliyo wazi, kama anayeita abiria.

Dada akaishika kalamu juu ya karatasi, akanigeukia. "Ndilo jina lako?"

Nikamwambia aandike ndilo.