Corolla 110 na taa za projekta: nilivyozifunga mwenyewe nyumbani

Mama yangu anaishi Ilula, mkoani Iringa, mimi niko Morogoro mjini. Safari ya kwenda kumwona huwa naianza Ijumaa jioni nikitoka kazini, kwa hiyo Mikumi naipita giza limeshaingia, na mlima Kitonga naupanda usiku nikiwa nyuma ya malori. Gari ni Corolla 110 ya mwaka 1998. Vioo vya taa, ambavyo kwa kweli ni vya plastiki, vilikuwa vimegeuka manjano kama chai ya rangi, na mwanga wake ulikuwa hivyo hivyo.

Mwaka jana, mbele kidogo ya Ruaha Mbuyuni, nilimkuta mtu na baiskeli iliyobeba magunia mawili ya mkaa. Nilimwona akiwa mita chache tu mbele yangu, nikamkwepa. Nikasimama pembeni, mikono inatetemeka, nikamsubiri afike nimwombe radhi. Akaniambia kwa upole, "Nilidhani umeniona, kaka. Mimi nilikuona kitambo." Maneno hayo sikuweza kuyaacha barabarani.

Njia ya haraka ambayo karibu kila mtu hunishauri ni kuchomoa balbu za H4 na kuchomeka za xenon (zinazowaka kwa gesi, hazina uzi) au LED palepale. Naomba mwenye gari asifanye hivyo. Balbu ya H4 ina nyuzi mbili, na chini ya uzi wa dimu (mwanga wa chini) kuna kikombe kidogo cha bati kinachozuia mwanga usipande juu. Rifleta nzima, lile bakuli linalong'aa nyuma ya balbu, imechongwa kwa kufuata mahali uzi ule ulipo. Ukiweka balbu ya aina nyingine humo, mwanga unaongezeka kweli, lakini unatawanyika kila upande, na sehemu kubwa inaingia machoni mwa anayekuja. Nimeshapishana na magari ya hivyo usiku. Kwa sekunde kadhaa baada ya kupishana huoni barabara kabisa. Mwenye baiskeli akiwa mbele yako dakika hiyo, wewe na yeye mko mikononi mwa Mungu.

Projekta ni kitu tofauti. Ndani yake kuna bakuli linalokusanya mwanga, mbele ya bakuli kuna kibati, na mbele ya kibati kuna lenzi nene ya duara. Lenzi inautupa ukingo wa kibati kile barabarani kama picha, ndiyo maana ukiwasha mbele ya ukuta unaona mstari mkali: chini mwanga, juu giza. Kwenye fulu (mwanga wa mbali), sumaku ya umeme inakivuta kibati na mwanga unafunguka wote. Kwa sisi tunaoendesha kushoto, mstari ule lazima uinuke upande wa kushoto, umulike ukingo wa barabara wanakopita watembea kwa miguu na baiskeli, na ubaki chini upande wa kulia wanakotokea wengine.

Kabla ya kununua chochote nilipima umeme. Injini ikiwa inaunguruma, betri ilionyesha volti 13.8, kwenye soketi ya balbu, taa zikiwa zimewaka, zilifika 11.7. Volti mbili zilikuwa zinapotea kwenye swichi na nyaya za miaka ishirini na kitu. Kwa balbu ya kawaida, volti zikipungua asilimia 10 mwanga unapungua kama asilimia 30, kwa hiyo gari langu lilikuwa halijawahi kunipa mwanga wake halisi tangu nilinunue. Ukiwa huna fedha ya projekta, au hutaki kufungua taa, anzia hapa: rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili zipitishe mkubwa), fyuzi, na waya mnene kutoka kwenye betri moja kwa moja. Utashangaa.

Projekta nilizifuata Gerezani, Kariakoo. Nilitaka za inchi 2.5 zinazoingia kwenye tundu la H4 bila kukata rifleta, pamoja na balbu za xenon za wati 35 na balasti zake, vile visanduku vinavyozipandishia volti. Nilibeba betri ndogo ya pikipiki kwenye begi, na nafurahi niliibeba. Duka la kwanza waliniambia zote ni sawa. Nikaomba tuwashe tukielekeza ukutani: mstari ukapanda kulia. Hizo zilitengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia, na ningezifunga ningekuwa namulika macho ya kila dereva kuanzia Morogoro hadi Ilula. Niliondoka. Duka la nne ndipo nilipopata zinazopanda kushoto. Muuzaji alitaka kunipa balbu za 8000K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), zile za bluu, akisema ndizo zinazopendeza. Nilichukua 4300K, nyeupe yenye umanjano kidogo, kwa sababu bluu hupunguza mwanga unaokufaa, na kwenye mvua ya Kitonga inakuwa kama huna taa. Pamoja na rilei, nyaya na gundi nilitumia shilingi 365,000.

Kuvua taa hakukunisumbua: bampa, shoo, halafu boliti za namba kumi. Kazi yenyewe ilikuwa kutenganisha kioo na bakuli la taa. Kwenye taa zangu vimeshikana kwa gundi nyeusi ya butili, ambayo inalainika kwa joto. Mke wangu anaoka keki za kuuza, kwa hiyo oveni ipo, ila alinipa masharti: siku isiyo na oda, madirisha wazi, na nikimaliza niisafishe kisha iwake tupu nusu saa. Nilitimiza yote. Nilitoa balbu, mipira na skrubu zote, nikapanga vipande vya mbao juu ya trei ili plastiki isiguse chuma, nikaweka nyuzi joto 110 kwa dakika 9. Ukivaa glavu nene na kuanzia kona moja kwa bisibisi bapa, kioo kinaachia polepole na gundi inavutika kama ubani uliotafunwa. Ikianza kuwa ngumu, usilazimishe. Rudisha ndani dakika nyingine tano. Kuna taa zilizogundishwa kwa gundi ngumu isiyolainika hata ukiipasha vipi, hizo ukizivuta zinapasuka. Na usiiguse rifleta wala kuifuta kwa kitambaa. Ule mng'ao ni tabaka jembamba mno la alumini, kidole kikipita kinaacha alama ya kudumu.

Vioo nilivisugua kwa msasa wa maji namba 800, 1500, kisha 2000, nikavipiga polishi na mwisho nikavipulizia klia, vanishi angavu ya kuzuia jua. Bila klia hiyo manjano hurudi baada ya miezi michache.

Sasa niseme pale nilipopoteza siku nzima. Projekta inaingia kwenye tundu la H4 kwa mrija wenye uzi kama wa boliti, nyuma unafunga nati. Taa ya kwanza niliifunga mezani kwa kukadiria kwa macho, nikaipasha tena, nikaibandika kioo, nikaridhika. Nilipoiweka kwenye gari na kuiwasha, mstari ulikuwa umeinama kama mabati ya banda lililochoka. Skrubu za kurekebishia taa zinaipandisha, zinaishusha, zinaisogeza kushoto na kulia, lakini haziwezi kuizungusha. Ikabidi niirudishe kwenye oveni niifungue upya. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: kaza nati kiasi tu, funga taa kwenye gari ikiwa haina kioo, washa kuelekea ukutani, uzungushe projekta mpaka sehemu ya mstari iliyolala iende sambamba na pima maji uliyoishika ukutani. Hapo ndipo unakaza nati kabisa, na unaongeza gundi ya chuma ya mirija miwili isizunguke tena kwenye mashimo ya barabara. Kioo ni cha mwisho. Nacho kibandike kwa butili mpya, usitumie ile silikoni inayonuka siki, maana mvuke wake unaharibu mng'ao ndani. Matundu ya kupumulia yaache wazi na mipira yake; taa isiyopumua inajaa ukungu.

Umeme ulinishinda kabisa jioni ya kwanza. Nyaya zilizokuja na projekta zilikuwa na rilei mbili, moja ya kuwasha xenon na moja ya kuvuta kibati cha fulu. Nilichomeka kila kitu kama mchoro ulivyoonyesha, nikawasha, kimya. Si dimu, si fulu. Nilibadilisha fyuzi, nikabadilisha balasti, kimya kilekile. Nikamwita mzee jirani yangu, fundi umeme wa magari tangu enzi za Peugeot 504. Alikuja na testa yake, akagusa soketi ya zamani mara tatu, akasema, "Mdogo wangu, gari hili swichi inakata hasi. Hizo nyaya zako zinasubiri chanya, na chanya iko pale muda wote."

Ndivyo ilivyo kwenye Toyota nyingi za zamani. Pini ya pamoja ya soketi ya H4 ina chanya, na swichi ya dimu au fulu inaupeleka waya wake bodini. Nyaya zangu zilikuwa zimefunga upande mmoja wa koili za rilei, zile sumaku zinazoziwasha, bodini, kwa hiyo hasi ilikuwa inakutana na hasi. Tulitoa mwisho ule bodini tukaupeleka kwenye pini ya chanya. Palikuwa na dayodi moja pia (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), ambayo kazi yake ni kuhakikisha xenon inabaki imewaka unapopiga fulu, kwa sababu swichi ya H4 ikienda fulu inaikata dimu. Kwa kuwa umeme sasa unapita kinyume, dayodi nayo ikageuzwa. Tukawasha. Zilianza na bluu hafifu, zikapanda taratibu kwa sekunde chache mpaka nyeupe. Mzee alisimama kuutazama ukuta muda mrefu bila kusema neno.

Ukigusa balasti, kwanza tenganisha betri. Xenon inapoanza kuwaka inapewa zaidi ya volti 20,000 kwa muda mfupi sana. Sikuruhusu watoto wasogee karibu na boneti siku hizo mbili.

Kupanga urefu wa mwanga nilikufanya uwanja wa shule ya jirani, penye sakafu tambarare na ukuta mrefu. Matairi nilijaza upepo sawasawa, tangi nusu, na mke wangu akakaa kwenye kiti cha dereva ili gari liwe na uzito wa kawaida. Katikati ya lenzi yangu ni sentimita 63 kutoka chini. Nikiwa mita 10 kutoka ukutani, nilichora mstari kwenye sentimita 53 na kushusha mwanga mpaka ukagusa hapo. Yaani unashuka sentimita 1 kwa kila mita, na kwa hesabu hiyo unagusa lami mita 63 mbele.

Namba hiyo ndiyo iliyonifungua macho kuliko mwanga wenyewe. Ukienda kilomita 80 kwa saa unapita mita 22 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja kukanyaga breki, kisha breki nzuri kwenye lami kavu ikutumie mita 35 hivi, umeshafika 57. Umebakiwa na mita sita. Kwa hiyo kwenye dimu sivuki 80, hata barabara ikiwa nyeupe kama mchana, na pale ambapo hakuna anayekuja napiga fulu bila kusita, kwa sababu juu ya ule mstari mkali projekta haikupi karibu chochote. Nikipakia magunia ya nyanya nyuma wakati wa kurudi, gari linainua pua, basi naishusha taa kwanza.

Jaribio la mwisho alilifanya mzee mwenyewe. Alikwenda mita 30 mbele ya gari, akachuchumaa kiasi cha kufikia macho ya dereva wa gari dogo, akaniambia niwashe. Akahama kulia, akahama kushoto, akarudi. "Naona taa, lakini haziniumizi," alisema. Kisha akatembea pembeni upande wa kushoto, penye nyasi, nami nikiwa nimekaa kwenye usukani nikamwona kuanzia kandambili mpaka kofia.

Tangu hapo nimekwenda Ilula mara tano. Hakuna lori lililonipigia fulu kunilalamikia. Balasti ya kushoto nimeifunga karibu mno na rejeta, natakiwa kuihamisha kabla joto halijaiua.

Mzee sasa anataka za kwake, kwenye pikapu yake ya zamani. Tulivua taa moja Jumapili tukakuta kioo chake ni cha kioo kweli, chenye mistari ya kutawanya mwanga. Ukiweka projekta nyuma ya kioo hicho mstari wote unavurugika. Nimemwambia tutafute kwanza kioo kisicho na mistari. Wakati tunatafuta, Jumamosi tunamfungia rilei.