Ombi Lililotumwa Mara Mbili

Muhula huu wa shahada ya uzamili katika sayansi ya kompyuta nimeutumia karibu wote kulifikiria swali moja: mfumo ufanye nini pale unapotuma ujumbe na usipate jibu. Nilipoomba nafasi ya kusoma nilikuwa tayari nimefanya kazi ya kuandika programu za malipo kwa miaka kadhaa, na nilidhani chuo kitanipa zana mpya na lugha mpya za kuandikia programu. Zana zimekuwa chache. Swali hilo, na njia ya kulikabili, ndivyo nilivyovipata, na kwa hesabu zangu vinastahili ada niliyolipa na jioni nilizozikosa nyumbani.

Hapa Dar es Salaam hakuna mtu asiyelijua swali hilo, hata kama hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Mitandao mingine nayo ina huduma za namna hiyo, na leo ada ya shule, nauli na mahari hupita kwenye simu. Mteja anasimama kwenye kibanda cha wakala, muamala unatumwa, ujumbe wa uthibitisho hauji. "Mtandao unasumbua, dada, subiri kidogo," anasema wakala, na dada anabaki akijiuliza kama pesa imeshakatwa na kama kurudia kutamkata mara ya pili. Hofu yake ni ya haki kabisa. Simu iliyokosa jibu haiwezi kujua kama kilichopotea njiani ni ombi lenyewe, au ombi lilifika, pesa ikakatwa, na jibu ndilo lililopotea. Kwa simu hali hizo mbili hazina tofauti yoyote. Kwa mteja huenda tofauti ni kodi ya chumba.

Kazini tulilichukulia tatizo hili kama kero ya mtandao ambayo ingekwisha siku minara ikiongezeka. Darasani nimejifunza kwamba halitakwisha, na kwamba kuna uthibitisho wake. Mwaka 1978 mwanasayansi wa kompyuta Jim Gray alilieleza kwa mfano wa majenerali wawili wanaotakiwa kushambulia kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa upande wake wa bonde, huku wakiwasiliana kwa wajumbe wanaoweza kukamatwa njiani. Uthibitisho wenyewe ni mfupi kiasi kwamba nilipousoma mara ya kwanza nilitafuta ukurasa uliofuata. Tuseme kuna mpangilio wa ujumbe unaotosha kuwahakikishia wote wawili kwamba wamekubaliana, kisha tuchukue ule mfupi kuliko yote. Ujumbe wake wa mwisho unaweza kupotea, na mpango ni lazima ufanye kazi hata ukipotea, kwa hiyo haukuwa na ulazima. Ukiondolewa, tunapata mpangilio mfupi kuliko ule mfupi kuliko yote, jambo ambalo haliwezekani. Miaka 7 baadaye, mwaka 1985, Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha jambo zito zaidi: mahali ambapo ujumbe unaweza kuchelewa bila kikomo kinachojulikana, hakuna algoriti, yaani utaratibu wa hatua za kufuata, isiyotegemea bahati nasibu inayoweza kuhakikisha kwamba kompyuta zitafikia uamuzi mmoja, ikiwa hata moja tu kati yake inaweza kuzimika.

Matokeo ya namna hii yangeweza kumkatisha mtu tamaa, lakini kwangu yamefanya kinyume. Ukishajua kisichowezekana, unaacha kukitafuta na kuanza kuuliza unachoweza kukiahidi. Huwezi kuahidi kwamba ombi litafika mara moja tu. Unaweza kuahidi kwamba hata likifika mara tano, salio litapungua mara moja. Ahadi hiyo ndiyo mada ya tasnifu yangu.

Sehemu ya kazi iliyonifunza zaidi ilikuwa kuiandika ahadi hiyo kwa TLA+, lugha ya Leslie Lamport, mwanasayansi aliyepewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, ya mwaka 2013. Katika TLA+ huandiki programu itakayokwenda kwa mteja. Unaeleza hali ambazo mfumo unaweza kuwamo, hatua zinazoutoa kwenye hali moja hadi nyingine, na sharti ambalo halipaswi kuvunjika kamwe. Kisha kompyuta inapita katika kila hali inayoweza kufikiwa ndani ya mipaka uliyoiweka. Nilichukua muundo unaotumika sana katika mifumo ya malipo: kila ombi linapewa namba yake ya utambulisho, seva, yaani kompyuta inayopokea maombi, inapolipokea inaangalia kwenye hifadhidata, mahali kumbukumbu zinapotunzwa, kama namba hiyo imeshawahi kuonekana, ikiwa haimo, inakata pesa, inaandika namba na kutuma jibu. Ukiusoma kwenye karatasi unaona hauna tatizo. Nilieleza seva mbili, simu moja na ombi moja, nikaandika sharti kwamba ombi moja lisikate salio zaidi ya mara moja, nikaruhusu ukaguzi uanze.

Jibu lilikuja kama orodha ya hatua. Simu inatuma ombi. Seva ya kwanza inalipokea, inatazama hifadhidata, haioni namba. Muda wa simu kusubiri unakwisha, na simu inatuma ombi lilelile tena. Safari hii linaangukia kwa seva ya pili, nayo inatazama hifadhidata, haioni namba. Seva ya kwanza inakata pesa. Seva ya pili inakata pesa. Hakuna kompyuta iliyoharibika, hakuna ujumbe uliopotea, na kila mstari wa msimbo, yaani maandishi ya programu, umefanya kile ulichoandikiwa kufanya. Ila mteja wa ombi moja amekatwa mara mbili. Dawa yake inajulikana: kutazama na kuandika namba kuwe tendo moja lisilogawanyika, na hifadhidata yenyewe ikatae namba iliyokwisha kuandikwa. Nikaiweka, nikaruhusu pia seva izimike wakati wowote, na orodha nyingine ikaja: seva inaandika namba, inazimika kabla ya kukata pesa, na kuanzia hapo mfumo unamwambia mteja kwamba ombi lake limekamilika wakati hakuna kilichofanyika. Namba na salio ni lazima viandikwe katika muamala mmoja wa hifadhidata, ama vyote ama hakuna. Wahandisi wa Amazon walieleza mwaka 2015 kwamba ukaguzi wa aina hii uliwaonyesha hitilafu ambayo njia yake fupi kuliko zote ilikuwa na hatua 35. Sijui binadamu ambaye angeiwaza njia hiyo kwa kichwa.

Makosa ya namna hii hayaishii kwenye pesa. Tumesoma pia habari za Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi ambayo kati ya mwaka 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa sita, huko Marekani na Kanada, dozi kubwa mno, na baadhi yao wakafariki. Mojawapo ya hitilafu zake ilikuwa ya mpangilio wa muda: mwendeshaji mzoefu aliyesahihisha maelezo kwa haraka kwenye skrini aliweza kuiacha mashine katika hali isiyolingana na alichokiona. Mashine iliyoitangulia ilikuwa na hitilafu hiyohiyo, lakini vizuizi vya umeme viliwakinga wagonjwa; kwenye mpya vizuizi hivyo viliondolewa, na usalama ukaachiwa programu peke yake.

Nasikia mara nyingi kwamba mwandishi wa programu hahitaji shahada ya uzamili, kwa kuwa kila kitu kipo kwenye intaneti na sasa hata msimbo unaandikwa na akili bandia. Ni kweli kwamba makala za utafiti wote nilioutaja zinapatikana. Kazini, hata hivyo, sikuwahi kupata mtu wa kunikalisha nazo. Chuoni msimamizi wangu huufungua mezani mchoro wangu wa safari ya ombi, huweka kidole kwenye mshale mmoja na kuuliza, "Na mtandao ukikatika hapa?" Nikijibu, huhamisha kidole kwenye mshale unaofuata. Saa nzima hupita hivyo. Akili bandia ikizidi kutuandikia msimbo, kazi ya kusema msimbo huo unaahidi nini inabaki mikononi mwetu, na ni kazi inayotaka mtu wa kukubishia.

Kidole hicho kimefika sasa kwenye suala la kufuta namba. Seva haiwezi kutunza utambulisho wa kila ombi milele, kwa kuwa hifadhidata itajaa. Lakini ukifuta namba baada ya siku moja, simu iliyozimika kwa kukosa chaji huko kijijini inaweza kuwaka siku ya tatu na kutuma tena ombi ambalo seva imeshalisahau. Ninajaribu kuweka ndani ya ombi lenyewe muda wa kuisha uhalali wake, jambo ambalo linaleta suala la saa za simu na za seva kutolingana. Wiki ijayo nitaanza kuziandika saa hizo kwenye TLA+.